Tarime Namba 5, Rorya Namba 5

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kumhamisha mtu wa Nyangoto mpaka Rorya bila yeye kunyanyuka kitini?

Nyangoto iko Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Vuka Mto Mara kuelekea kusini, umeingia Serengeti. Mwenyeji haulizi yuko wilaya gani, mto unamwambia. Kompyuta haina mto. Ina namba.

Ukiipa safu ndefu ya majina ya wilaya, kaya baada ya kaya, lugha ya programu ya kitakwimu inaweza kuigeuza kuwa data za makundi. Haiandiki "Musoma Vijijini" mara elfu kumi. Inaweka pembeni orodha fupi ya majina yasiyojirudia, kwa kawaida kwa alfabeti, kisha kila kaya inapewa namba ya jina lake. Ni kama mwenye duka anayeandika madeni kwa namba, na majina ya wadaiwa kayaweka kwenye jalada la daftari. Jalada likichanika, atamdai nani?

Sensa ya 2002 iliukuta Mkoa wa Mara na wilaya 5. Kwa alfabeti: Bunda 1, Musoma Mjini 2, Musoma Vijijini 3, Serengeti 4, Tarime 5. Sensa ya 2012 ilikuta 7, maana Rorya ilishamegwa kutoka Tarime mwaka 2007, na Butiama nayo ikatoka Musoma Vijijini. Orodha ikajipanga upya: Bunda 1, Butiama 2, Musoma Mjini 3, Musoma Vijijini 4, Rorya 5, Serengeti 6, Tarime 7.

Sasa zibandike safu hizo mbili kwa namba tupu, ukisoma kwa orodha mpya. Kaya ya Nyangoto iliyohesabiwa 2002 ilikuwa namba 5, leo inasomeka Rorya. Ya ng'ambo ya mto ilikuwa 4, imekuwa Musoma Vijijini. Bunda peke yake imesalimika, kwa bahati ya herufi B.

Usidhani ni kosa la wanafunzi tu. Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, ilikuwa na tabia hiyo kwa miaka mingi: ukiunganisha safu mbili za makundi kwa amri yake ya kawaida, ilitupa majina ikakurudishia namba, kimya kimya, bila onyo. Ajabu ni kwamba ukiunganisha majedwali mazima ilikuwa makini. Toleo la 4.1.0 la Mei 2021 ndilo lililorekebisha. Siku hizi inaunganisha majalada kwanza: majina ya safu ya kwanza yanabaki na namba zao, mapya yanafuata mkiani. Tarime inabaki 5, Butiama inakuwa 6, Rorya 7.

Programu ya MATLAB nayo huunganisha orodha za majina, ila makundi yakiwa na ngazi inakuwa kali. Safu moja ikisema mvua ni "haba, wastani, nyingi", na nyingine ikaongeza "mafuriko", inagoma. Naiona ina haki: nani kaiambia mafuriko yakae juu ya nyingi? Pandas, ya watumiaji wa Python, ikikuta orodha hazilingani huacha makundi na kurudi kwenye maneno ya kawaida, mpaka uiombe waziwazi iziunganishe.

Zote hizo, hata hivyo, hulinganisha herufi tu. Karani akigusa kitufe cha nafasi baada ya "Tarime", jedwali la R au la pandas litakuonyesha Tarime mbili zilizofanana kama mapacha, kila moja na watu wake, na utayakodolea macho majina hayo bila kuona tofauti. "Muhogo" na "mhogo" nayo yatahesabiwa mazao mawili.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Tarime ya 2002 ilikuwa na watu zaidi ya 490,000; ya 2012 ilikuwa na 339,693. Programu inaona jina moja, herufi kwa herufi, inaunganisha kwa amani, na mchoro unaonyesha wilaya iliyokimbiwa na watu. Hakuna aliyekimbia. Watu 265,241 walikuwa wamehesabiwa Rorya.