Mtaalamu mgeni si kibarua: Wajibu wa shirika linalompokea ughaibuni

MGENI siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga waliotuachia methali hii walifahamu kwamba mtu akikaa nyumbani mwa mwenzake bila shughuli huwa mzigo kwa mwenyeji, naye mwenyewe hafaidiki.

Busara hiyo ndiyo msingi wa mipango inayowapeleka wataalamu kufanya kazi kwa muda katika mashirika ya ng'ambo. Mtaalamu wa aina hii hatafuti shahada kama mwanafunzi. Huacha afisi yake kwa miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi, akaketi na watu wa fani yake katika chumba cha habari, shirika la kijamii au kampuni, na kushika kazi kama wao.

Mipango hii ina historia ndefu. Ule uliopewa jina la Hubert H. Humphrey, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, ulianza mwaka wa 1978. Umewapokea wataalamu wenye tajriba kwa takriban miezi 10 katika vyuo vikuu, na sehemu ya muda huo huitumia kazini nje ya chuo.

Katika miaka ya 1980 ulianzishwa ufadhili wa wanahabari wenye jina la Alfred Friendly, aliyekuwa mhariri katika gazeti la Washington Post. Wanahabari wa Kenya ni miongoni mwa waliopelekwa nao katika vyumba vya habari vya Marekani. Mwaka wa 2014, ule wa Mandela Washington uliwachukua vijana 500 kutoka Afrika kusini mwa Sahara, na baadhi yao wakabaki kwa majuma kadhaa zaidi katika makampuni na mashirika ya huko.

Wengi wanaotuma maombi huangalia jina la mpango na jiji watakaloishi. Lakini faida anayorudi nayo mtu hutegemea zaidi shirika litakalompokea na kazi atakayopewa humo.

Nchini Marekani, wageni hawa huingia kwa viza ya J-1, iliyotokana na sheria ya mwaka wa 1961 ya kubadilishana wasomi na wataalamu. Katika kitengo cha mafunzo ya kikazi, pande tatu huhusika: mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, shirika mwenyeji, na mgeni mwenyewe.

Kabla ya mdhamini kutoa hati ya kuombea viza, pande hizo tatu hutia saini mpango wa mafunzo, yaani fomu DS-7002. Ndani yake huelezwa mgeni atajifunza nini, kwa hatua zipi, chini ya msimamizi gani na atalipwa kiasi gani, iwapo yapo malipo.

Kanuni hazimruhusu mwenyeji kumgeuza mgeni kibarua. Kazi za ukarani hazipaswi kuzidi asilimia 20 ya mafunzo yake. Haruhusiwi kupewa kazi zisizohitaji ujuzi, kulea watoto wala kutunza wazee, na hapaswi kuchukua nafasi ya mfanyakazi Mmarekani. Ratiba yake sharti iwe ya angalau saa 32 kwa wiki, na mafunzo ya kitengo hiki kwa kawaida hayapiti miezi 18.

Mashirika madogo nayo huchunguzwa. Iwapo shirika lina wafanyakazi chini ya 25, au mapato yake kwa mwaka hayafiki dola milioni tatu, na halijawahi kushirikiana na mdhamini huyo kwa mafanikio, mdhamini hupaswa kulizuru kwanza. Mafunzo yakizidi miezi sita, hufanyiwa tathmini katikati na mwishoni.

Suala la bima pia si dogo. Mgeni wa J-1 anatakiwa kuwa na bima inayogharamia matibabu ya hadi dola 100,000 au zaidi kwa kila ajali au ugonjwa. Matibabu Marekani ni ghali mno, na kulazwa kwa siku chache kunaweza kumwachia mgeni deni la miaka.

Swali gumu zaidi huja mwishoni: je, mtaalamu atarudi nyumbani? Baadhi ya wageni wa J-1 hulazimika kuishi kwao miaka miwili kabla ya kustahiki viza za kazi za H au L, au ukaazi wa kudumu. Hao ni pamoja na waliogharamiwa na serikali, na wenye ujuzi ulio katika orodha ya fani zinazohitajika nchini mwao, orodha ambayo Marekani iliifanyia marekebisho Desemba 2024.

Hata hivyo, sheria inaweza kumrudisha mtu nyumbani bila kumhakikishia kazi. Aliyejiuzulu ili aende ng'ambo huenda akakuta kiti chake kimekaliwa, na ujuzi aliouvuka bahari kuufuata usipate pa kutumika.

Norway ilichukua mkondo tofauti. Shirika lake la Fredskorpset, lililoanzishwa mwaka wa 1963, lilifanyiwa mageuzi mwaka wa 2000 na kuanza kugharamia mashirika yanayobadilishana wafanyakazi wao kwa wao. Tangu 2018 shirika hilo huitwa Norec. Katika utaratibu huo, anayesafiri hutumwa na mwajiri wake, na mwajiri huyo hutarajia arejee kuutumia ujuzi wake.

Hapo ndipo mwajiri wa Kenya ana la kujifunza. Kumpa mfanyakazi likizo rasmi badala ya kumwacha ajiuzulu, na kukubaliana naye mapema kuhusu jukumu atakalolishika akirejea, ni njia rahisi ya kuhakikisha kuwa ujuzi huo haupotei.

Kwa upande wake, mtaalamu asione haya kuuliza maswali kabla ya kutia saini. Msimamizi wake atakuwa nani, na ana ujuzi gani? Atatekeleza kazi ipi itakayokamilika akiwa huko? Posho yake itatosha kodi ya nyumba na nauli katika jiji hilo? Bima yake inaanza siku gani? Na mwenyeji akikiuka makubaliano, ni nani kwa mdhamini atakayepokea malalamiko yake?

Shirika lililojiandaa litayajibu kwa maandishi. Lisiloweza kusema mgeni wake atafanya nini tangu juma la kwanza halijawa tayari kumpokea, na ni heri mtaalamu alijue hilo akiwa bado na kazi yake Nakuru au Mombasa.