Kutuliza Maumivu na Kukatisha Uhai

Je, yafaa sheria imruhusu daktari kumsaidia mgonjwa asiyeweza kupona afe kwa hiari yake? Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu jambo hilo mwaka 2002. Wanaoliunga mkono husema kwamba mtu ana haki ya kuamua juu ya mwisho wake. Wanaolipinga huhofia kuwa maskini atajiona mzigo, aombe kufa ili asiwagharimu jamaa zake. Katika Tanzania, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai.

Hata hivyo, kutuliza maumivu si kukatisha uhai. Mofini hushikamana na vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, ikapunguza habari za maumivu zinazopita humo. Ikinywewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo kinachopandishwa kwa uangalifu, humpa mgonjwa nafuu pasipo kumwua. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi waliofunzwa maalumu nao huruhusiwa kuiandika.

Sasa tumfikirie mgonjwa wa saratani karibu na Ilula, mkoani Iringa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwake. Hospitali ya Ilula i jirani; lakini ujirani huo humfaa pale tu dawa inapokuwapo, pamoja na mtumishi ajuaye kuipima. Akiyakosa hayo, akaomba kufa, je, amechagua kifo, ama anayakimbia maumivu? Mjadala wa sheria hauwezi kumtendea haki kabla hajapatiwa tiba hiyo.