Nani Kaifundisha Mashine Ua la Mzee?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya roboti. Najua wapo watakaosema huyu bwana kaishiwa, barabara zina mashimo na yeye anatuletea roboti! Nivumilieni. Jambo hili limenifuata mpaka nyumbani Nkoaranga.

Jirani yangu ni seremala mzee. Anatengeneza milango na vitanda vya mringaringa, na watu humjua kwa ua moja analolichonga katikati ya ubao: ua la kahawa, petali tano. Miaka miwili iliyopita karakana moja ya mjini Arusha ilimwagiza mlango. Akaupeleka, akalipwa bei ya mlango mmoja, akarudi zake. Mwaka huu alipopita hapo aliikuta milango sita imeegeshwa barazani, yote ina ua lake. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba katika ule mlango wa kwanza patasi ilimteleza, petali moja ikawa fupi. Milango yote sita ilikuwa na petali hiyo hiyo fupi.

Jioni alikuja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, hata chai hakuigusa. "Mwanangu, wewe unasema redioni. Niambie, huo mtambo nani kaufundisha ua langu?"

Mimi nilisomea stashahada ya uandishi wa habari, mitambo sikusomea. Nikamtafuta mpwa wangu, kijana aliyepita chuo cha ufundi na anayefanya kazi na mashine za namna hiyo. Haya ninayoyaeleza mengi ni yake, na mengine nimeyasoma mwenyewe.

Mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta ni meza kubwa yenye jino linalozunguka kwa kasi. Jino huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mchoro hutengenezwa katika kompyuta, kisha programu huugeuza kuwa maelfu ya mistari ya amri: nenda hapa, shuka kiasi hiki, sogea mpaka pale. Mistari hiyo hupelekwa kwenye mashine, mara nyingi kwa flashi, na fundi huionyesha sifuri yake iko wapi, yaani pembe ya ubao na uso wa ubao. Akikosea sifuri ya kwenda chini, jino litapita ubao na kuchimba meza. Mashine haishtuki. Kwa ua la mzee, mpwa wangu anadhani waliupima mlango kwa skana, alama kwa alama, na skana haijui lipi ni pambo na lipi ni patasi iliyoteleza.

Mashine hiyo ni ndugu tu wa roboti. Roboti ya kiwandani hasa ni mkono wa chuma wenye viungo, mara nyingi sita, vinavyofanya kazi ya bega, kiwiko na kifundo. Ya kwanza iliyoingia kazini iliitwa Unimate. Ilitokana na wazo ambalo Mmarekani George Devol aliliombea hataza mwaka 1954, na mwaka 1961 ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, ikitoa vyuma vya moto kutoka kwenye mashine ya kusubu. Hatua zake zilihifadhiwa kwa sumaku kwenye pipa dogo. Kazi hiyo ya kushika vyuma vinavyounguza sidhani kama kuna aliyeililia.

Sasa, mkono kama huo unafundishwaje? Njia iliyozoeleka zaidi ni ya kisanduku cha vitufe, ambacho fundi hukishika mkononi. Anabonyeza, mkono unasogea polepole. Ukifika anapotaka, anaiambia weka alama hapa. Anakwenda alama ya pili, ya tatu, mpaka kazi iishe. Baadaye roboti huzipitia alama zile kwa mpangilio, mchana na usiku. Fundi huagiza pia kama kati ya alama mbili mkono uende kwa mstari ulionyooka au upite njia iliyo rahisi kwa viungo vyake. Wakati wa kufundisha kasi hairuhusiwi kuzidi milimita 250 kwa sekunde, na kisanduku kina swichi ya ajabu kidogo: ukiiachia, mkono unasimama, ukiibana kwa nguvu, unasimama vilevile. Kwa nini? Kwa sababu mtu akishtuka ama huachia ama hukamata kwa nguvu. Tahadhari za namna hii hazikutoka hewani. Mwaka 1979, huko Flat Rock, Michigan, mfanyakazi wa kiwanda cha Ford aliuawa na mkono wa mtambo wa kutoa vipuri stoo.

Njia ya pili ndiyo iliyomfanya mzee anyanyue kichwa. Kule Bryne, Norway, kulikuwa na kiwanda cha Trallfa kilichotengeneza matoroli, haya haya ya kubebea mchanga na mbolea. Wapaka rangi walikuwa adimu, kwani kazi yenyewe ni ya moshi na harufu mbaya. Miaka ya 1960 mhandisi wao Ole Molaug akabuni mkono wa kupaka rangi. Mpaka rangi hodari aliushika mkono huo, akapaka toroli moja kama alivyozoea, na mtambo ukaandika kila mzunguko wa kifundo chake kwenye utepe wa sumaku. Basi. Kuanzia hapo ukarudia ufundi wake kwa kila toroli. Mwaka 1969 wakaanza kuwauzia wengine, na mteja wa kwanza alikuwa kiwanda cha mabafu cha Sweden.

"Na yule mpaka rangi," mzee akauliza, "alilipwa kwa toroli moja au kwa matoroli yote?"

Sikuwa na jibu.

Kushikana mikono huku kumerudi siku hizi. Kampuni ya Universal Robots ya Odense, Denmark, ilianza mwaka 2008 kuuza mikono myepesi inayohisi ikigusa mtu na kusimama. Unaishika, unaisukuma unapotaka, nayo inakumbuka.

Njia ya tatu ni kuandika, kama mtu anavyoandika barua ya maagizo. Kero yake ni kwamba kila kampuni ina lugha yake: ABB wana yao, KUKA yao, FANUC yao. Aliyesoma moja akihamia kiwanda kingine anaanza upya, ingawa ya pili huwa nyepesi kuliko ya kwanza.

Ya nne ni kuifundisha roboti isipokuwepo. Fundi huchora kiwanda chote ndani ya kompyuta na kuandaa kazi humo, huku roboti yenyewe ikiendelea na ya jana. Inaokoa muda, lakini ina mtego. Mpwa wangu alinieleza hivi: "Mjomba, wewe usiku bila taa unakipata kitanda chako?" Nakipata. "Na nikikuelekeza kwa simu nyumba ya mtu Usa River, hatua mia kisha kushoto?" Nitapotea. Roboti ndivyo ilivyo. Mahali ilipoonyeshwa itaparudia bila kukosea hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini ukiituma kwa namba za kompyuta pekee inaweza kukosea milimita nzima au zaidi, maana chuma halisi na mchoro havifanani kabisa. Lazima mtu aende pale akapime na kusahihisha.

Nisije nikaeleweka vibaya, roboti si shetani. Nimewaona watu wa Arusha wakipoteza kazi kiwanda cha matairi cha General Tyre kilipofungwa, na sikumsikia hata mmoja akisema kaondolewa na roboti. Shauri la mzee ni lingine, ni la malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata sanaa ya kuchonga, lakini seremala gani wa Meru kawahi kuambiwa?

Kijana naye ana lake. Alikiri kwamba mashine yao hupasua mringaringa jino likienda kinyume cha nyuzi za mti, na wakubwa wake hulaumu jino. Mzee akacheka, akachukua ubao, akapitisha kidole gumba. "Hapa unakwenda hivi. Hapa kwenye fundo unapunguza mwendo, unakuja kwa upande." Kijana akatoa kalamu. Sasa huja kila Jumamosi.

Juma lililopita karakana ile imempigia mzee simu, inataka mlango mwingine wa mfano. Tumeandika karatasi, nakala mbili: kiasi hiki kwa mlango wa kwanza, na kiasi hiki kwa kila mlango utakaofuata. Ameweka sahihi, na pembeni amechora ua, safari hii petali zote tano zikiwa sawa. Hawajajibu bado.