Kiroboto Anapochagua Pa Kuishi

Wajukuu zangu, mwangalieni yule mbwa chini ya mwembe. Anajikuna shingo mpaka vumbi linatimka. Ninyi mnamtafuta kiroboto kwenye manyoya. Mimi natazama pale chini alipolala.

Kiroboto mkubwa hana shida, ana joto la mbwa na damu yake. Mwenye shida ni mtoto. Mama hutaga mayai meupe, kama punje za chumvi, nayo huteleza kwenye manyoya yakadondoka vumbini. Humo hutoka buu mwembamba kama uzi, hana miguu wala macho. Chakula chake ni kinyesi cha wazazi, ambacho ni damu iliyokauka. Ngozi yake haijui kutunza maji: hewa ikikauka mno, hunyauka akafa.

Sasa fikirieni Tabora yetu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la kumtosha lipo. Lakini kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni ya kutafuta, na jua la Oktoba mnalijua. Buu akibaki uwanjani, kwisha. Ndiyo maana hapa Ipuli kiroboto hujificha kivulini, mvunguni, kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kwenye mashimo ya panya, kunakobaki unyevu kidogo.

Milimani mambo hubadilika. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Baridi humchelewesha buu kukua, lakini ukungu humpa unyevu. Viroboto wanaopenda joto la mabondeni huwaachia nafasi wenzao waliozoea ubaridi. Wilayani Lushoto, katika milima ya Usambara, tauni ilizuka mwaka 1980, ikarudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 20, hasa katika vijiji vya juu. Viroboto wa panya ndio waliokuwa wakiibeba. Hilo linaniuma, maana waliougua wengi walikuwa watoto na akina mama.

Yupo pia ndugu yao mmoja aliyekuja kwa safari: funza. Mwaka 1872 meli kutoka Brazil ilimfikisha Angola. Kutoka huko alisafiri katika miguu ya watu, kambi hadi kambi, akakata bara zima, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, walitembea peku. Funza hupenda vumbi kavu la mchangani, kwa hiyo kiangazi, viroboto wengine wanapojificha, ndipo anaposumbua zaidi.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kwenda shule, toeni lile gunia analolalia mbwa mlikung'ute mbali na nyumba, kisha mlianike juani mpaka jioni. Na vaeni viatu.