Ridhaa si kubofya tu

Wiki jana niliwaongoza wanafunzi wangu hadi chumba cha tarakilishi ili wajizoeze maswali ya sarufi katika tovuti moja. Kabla ya swali la kwanza, kiwambo kilifunikwa na tangazo refu lenye kitufe kikubwa cha kijani: "Nakubali". Wote arubaini walikibofya papo hapo. Nilipowauliza wamekubali nini, darasa likawa kimya kama maji mtungini.

Walikuwa wamekubali vidakuzi, walimu wenzangu. Kidakuzi ni faili ndogo ambayo tovuti huihifadhi katika mashine ya mtumiaji ili imtambue arejeapo. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, na kwa asili yake hakina ubaya. Bila hicho mwanafunzi angelazimika kujitambulisha upya kila afunguapo ukurasa. Balaa ni vile vya watangazaji, vinavyomwandama mtoto kutoka tovuti hii hadi ile.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema kwamba ridhaa sharti iwe dhahiri na ya hiari, itolewe na mtu aliyefahamishwa; tena aweza kuiondoa wakati wowote. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye aidhinishaye. Wala si sheria ya mapambo: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Huko Ulaya nako, Oktoba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kisanduku kilichokwisha kutiwa alama si ridhaa.

Je, kitufe cha kukataa kilikuwa wapi? Nilikisaka hadi nikakipata, kwa herufi za kijivu, chini ya maelezo marefu ya Kiingereza cha mawakili (nusu yake hata mimi sikuielewa). Ajabu zaidi, nilipochungua mashine ambayo hakuna aliyeigusa kitufe, nilikuta vidakuzi vimekwisha kuhifadhiwa. Hodi gani hiyo ambayo mgeni huipiga akiwa amekwisha keti sebuleni?

Nimewaandikia wenye tovuti nikiwataka waweke "Nakataa" kando ya "Nakubali", kwa ukubwa ule ule, na maelezo yawe ya Kiswahili. Hadi watakapojibu, maswali ya sarufi nayaandika ubaoni kwa chaki.