Spana za Baba na Bajeti ya Mama

Jumamosi moja asubuhi mume wangu alikuwa amelala chini ya gari letu, Corolla kuukuu, akifunga bomba la ekzosi. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki ndogo inayokaa ndani ya buti, kisha likawekewa matofali mawili ya saruji. Mtoto wetu wa miaka tisa alikuwa amechuchumaa pembeni akimpa spana. Nilipoita kuwa chai iko tayari, baba akatoka, akapangusa mikono, akamshika mtoto bega. Hawajafika mlangoni tukasikia kishindo. Tofali moja lilikuwa limepasuka, na gari limekaa chini, pale pale alipokuwa ameweka kifua chake.

Chai ile haikunyweka. Tulimshukuru Mungu, kisha mimi nikaingia chumbani nikalia peke yangu. Wiki mbili kabla, mume wangu alikuwa ameniomba fedha za kununua stendi mbili za chuma za kushikilia gari. Nilimjibu kwamba nyumba hii haihitaji vyuma zaidi, inahitaji mapazia. Mapazia yenyewe yalikuwa yananing'inia dirishani, mapya.

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna gari na mtu anayependa kulitengeneza mwenyewe, usiyaone mambo haya kuwa ya wanaume peke yao. Fedha ni za nyumba nzima, na anayelala chini ya gari ni baba wa watoto wako. Si lazima kununua vingi. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza, kwa mpangilio tuliotamani tungeufuata tangu mwanzo.

Jeki huinua, haishikilii

Kitu cha kwanza kununua ni stendi mbili za chuma. Jeki ya kwenye buti imetengenezwa kwa kazi ya kubadilisha tairi tu. Hata jeki kubwa ya mafuta inaweza kuvuja na kushuka. Tofali la saruji nalo hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Corolla ina uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na mbavu za binadamu haziwezi kuubeba uzito huo.

Chagua stendi zilizoandikwa uzito zinaobeba. Kwa gari dogo, zile za tani 2 au 3 zinatosha. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, handbreki ivutwe, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa kabari. Kabari ya mti mgumu aliyokata seremala yatosha. Stendi ziwekwe sehemu imara ambazo kitabu cha gari kimezionyesha. Kabla ya kuingia chini, gari lisukumwe kwa mkono kuona kama linacheza. Tairi lililotolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari, liwe akiba iwapo lolote litatokea.

Spana chache zilizo bora

Mume wangu alikuwa na sanduku zuri lenye vipande zaidi ya 40, lililonunuliwa kwa bei ya kutupa. Nusu yake hatukuwahi kuitumia, na nusu nyingine ilipinda. Spana laini hula pembe za nati, na nati iliyoliwa humpeleka mtu kwa fundi kulipa zaidi ya bei ya spana yenyewe.

Katika magari mengi ya Toyota, kazi kubwa hufanywa na namba 10, 12 na 14. Namba 10 hufungua vichwa vya betri katika magari mengi. 14 hufungua nati ya kumwagia oili katika mengi yao. Na 21 ni ya nati za magurudumu. Ongeza 17 na 19, utakuwa na karibu kila unachohitaji. Nunua spana zenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili. Kwa boksi spana, chagua vichwa vyenye pembe sita ndani badala ya kumi na mbili, kwa sababu hukamata nati vizuri na hazitelezi upesi.

Spana zilizotumika lakini imara mara nyingi zafaa kuliko mpya za rahisi. Dar es Salaam watu huzitafuta Gerezani na Kariakoo. Nairobi, vifaa vya magari hupatikana barabara ya Kirinyaga. Nenda na nati ya gari lako mfukoni, uijaribu kwenye spana kabla ya kulipa. Ikicheza, rudisha.

Vidogo vinavyorudisha fedha

Kipimo cha upepo ni kidogo kama kalamu. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi lenye upepo mdogo huisha pembeni na hula mafuta.

Testa ya umeme nayo ilituokoa tusinunue betri bure. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome karibu 14. Ikibaki 12, huenda betri haina kosa, bali jenereta ya gari haichaji. Ongeza tochi nzuri na miwani ya kukinga macho, maana kutu huanguka usoni.

Mahali pa kuvitunza

Hapa ndipo jicho la mama linahitajika zaidi. Petroli, maji ya betri, oili ya breki na dawa ya rejeta visiwekwe kamwe katika chupa za soda. Baadhi ya dawa za rejeta zina utamu, na ni sumu kali. Viwekwe katika vyombo vyake, juu, na vifungiwe. Watoto wakae mbali gari likiwa limeinuliwa. Mwanetu siku hizi hutoa spana akiwa nyuma ya mstari wa chaki.

Wala si kila kazi ni ya nyumbani. Breki, usukani na mifuko ya hewa tunampelekea fundi aliyesomea. Kuokoa fedha hapo ni kuzipoteza.

Kupanga pamoja

Sisi tuligawa ununuzi kwa miezi. Mwezi wa kwanza stendi na kabari, wa pili spana sita, wa tatu kipimo cha upepo na testa. Hakuna mwezi ambao watoto walikosa ada. Nami nilijifunza kubadilisha tairi: legeza nati kwanza gurudumu likiwa chini, ndipo uinue, kisha zikaze kwa kuvuka, si kwa kuzunguka.

Mapazia yale bado yapo, yamepauka kwa jua. Stendi ziko pembeni ya stoo, zina kutu kidogo. Jioni hii, baada ya chakula, muulize mume wako gari likiinuliwa hushikiliwa na nini. Akijibu "matofali", mwambie asilale tena chini yake mpaka mtakapokuwa na stendi.