Diski ya laptopu ikifa: mwambie fundi asipige Windows kwanza

Jana jioni laptopu ilikuwa inafanya kazi. Leo asubuhi unaiwasha, inaonyesha skrini nyeusi yenye mistari michache ya Kiingereza, na ukisogeza sikio karibu na kibodi unasikia kitu kinagonga ndani: tik, tik, tik. Humo ndimo zilimo hesabu za miaka mitatu za kikundi chenu cha kuweka na kukopa: hisa za kila mwanachama, nani anadaiwa, nani amemaliza. Kikao cha kugawana ni wiki ijayo, na wewe ndiwe katibu.

Wengi hapo hupanda bodaboda hadi mjini, humkabidhi fundi mashine na kumwambia, "Imegoma, nitengenezee." Jioni laptopu inarudi ikiwaka vizuri kuliko zamani, lakini haina faili hata moja. Fundi hakukudhulumu. Ulimwomba atengeneze laptopu, akaitengeneza. Hukumwambia kwamba unachokitaka ni kilichomo.

Basi sentensi ya kwanza ya kumwambia fundi, kabla hata ya kuulizia bei, ni hii: "Fundi, naomba usipige Windows wala usifomati chochote. Nitolee kwanza mafaili yangu."

Ni diski kweli?

Laptopu inapokufa, si lazima diski iwe imekufa. Ikiwa haiwaki kabisa, haina taa wala feni, tatizo mara nyingi ni chaji, betri au bodi kuu. Ikiwa kioo kimepasuka, ni kioo tu. Katika hali hizo mafaili yako kwa kawaida ni salama. Fundi anaweza kuitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB wa kazi hiyo, na kuyanakili. Laptopu nyembamba za siku hizi ni ngumu kidogo, maana baadhi zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi na haitoki.

Dalili za diski yenyewe kuugua ni nyingine. Kompyuta inachukua muda mrefu mno kuwaka. Faili inagoma kufunguka, au folda inaonekana tupu. Windows inataka kukagua diski kila ukiwasha. Na ile sauti ya kugonga au kukwaruza.

Sauti hiyo ina maana yake. Diski ya zamani, ambayo mafundi huiita hadi diski, ina sahani za kung'aa zinazozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika kwenye laptopu. Juu yake kuna vichwa vidogo vya kusomea vinavyoelea bila kugusa, kwa pengo dogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Laptopu ikianguka au ikitikiswa inapofanya kazi, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwangua, na umeme unaokatika ghafla kwenye laptopu isiyo na betri nzima nao huweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa. Kinachokwanguliwa ndiyo data yenyewe. Kila ukiwasha tena "kujaribu bahati," kichwa kibovu hupita tena juu ya sahani na kukwangua zaidi.

Kwa hiyo ukisikia mgongo huo, zima. Maandishi yakiwa bado yapo kwenye skrini, yapige picha kwa simu kwanza, umtumie fundi. Usiiwashe mara ya pili ili kumrekodia sauti. Mweleze tu kwa maneno. Windows ikijitolea kurekebisha diski, usikubali, kwa sababu urekebishaji huo huandika upya juu ya diski inayokata roho. Na ule ushauri wa kuiweka diski kwenye friza, achana nao. Ikitoka humo hutoa unyevu ndani, na unyevu juu ya sahani ni msiba mwingine. Kuifungua diski ili kutazama ndani pia usikubali, hata kama fundi ni shemeji yako. Chembe moja ya vumbi inatosha kuimaliza, na ndiyo maana wanaofanya kazi hiyo huifanyia kwenye vyumba maalumu visivyo na vumbi.

Fundi mzuri anafanya nini

Diski ambayo haigongi, ila inasomeka kwa shida, ina matumaini makubwa. Fundi anayeijua kazi hii haanzi kufungua folda moja moja. Anachukua diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, kisha ananakili kila kitu kutoka ile mbovu, kipande kwa kipande. Kuna programu ya bure iitwayo ddrescue inayofanya hivyo. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, halafu inarudi kwa zile ngumu. Pia huweka kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo umeme ukikatika katikati inaendelea pale ilipoishia. Kazi inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, kwa hiyo usimsukume fundi.

Baada ya hapo diski mbovu inawekwa pembeni, na utafutaji unafanyika kwenye nakala. Programu za TestDisk na PhotoRec, nazo za bure, hutumika sana hapo. PhotoRec mara nyingi huyarudisha mafaili bila majina yake, kwa hiyo jiandae kukaa ukifungua moja baada ya jingine. Na chochote kinachopatikana kihifadhiwe kwenye diski nyingine au flashi, kamwe si kwenye ileile.

Na kama Windows imeshapigwa? Bado usikate tamaa. Fikiria ghala la mahindi ambalo daftari lake limeungua. Magunia yamo, ila hakuna ajuaye lipi ni la nani, na mtunzaji anadhani ghala ni tupu. Kufomati kwa haraka huchoma daftari tu. Lakini Windows mpya ni mzigo mkubwa unaoingizwa ghalani, na popote ulipotua, gunia la chini limekwisha. Acha kuitumia laptopu hiyo mara moja, hata kwa kuangalia filamu.

Kwa SSD, zile hifadhi mpya zisizo na sahani, habari ni mbaya zaidi. Kompyuta huiambia SSD kwamba nafasi ya faili lililofutwa haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe. Kilichofutwa huko mara nyingi hakirudi. Nayo haigongi, inaweza kufa kimya bila kukuonya.

Jambo moja zaidi kwa wenye laptopu mpya za Windows: nyingi hufunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48. Diski ikitolewa, bila ufunguo huo haisomeki, hata fundi awe hodari vipi. Mara nyingi ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyofungulia kompyuta, na unaweza kuitazama akaunti hiyo kwa simu yako. Tafuta barua pepe na nywila yake kabla ya kwenda mjini.

Diski inayogonga ni ya wataalamu wenye vifaa, ambao wengi wako miji mikubwa, na bei yao huwa kubwa. Uliza kabla ya kukubali: nikikosa data, nalipa nini? Wengine hulipwa tu wakifanikiwa. Kazi ikiisha, dai diski yako ya zamani hata kama imekufa. Ndani yake mna majina na madeni ya wenzako.

Wakati unasubiri, wewe katibu una kazi nyingine. Kusanya vitabu vya wanachama, kwa kuwa kila kimoja kina hisa za mwenyewe. Waombe pia wasifute ujumbe wa miamala kwenye simu zao, na mweka hazina aombe taarifa ya akaunti ya kikundi kutoka benki au kampuni ya simu. Piga picha kila ukurasa, mtumie mweka hazina na mwenyekiti, ili picha zikae kwenye simu tatu. Ukianza leo, huenda daftari likawa limejengwa upya kabla fundi hajakupigia.